Makopo Matatu ya Kostiki

Mwalimu Mahalu alikufa Jumanne, tukamzika Ijumaa pale Buhongwa, nyuma ya nyumba aliyoijenga miaka kumi na tatu bila kuipiga lipu. Baada ya kaburi kufukiwa tulikaa chini ya turubai, sisi aliotufundisha kemia, watu wazima wenye vitambi na dawa za presha mifukoni. Tukala wali na maharage, na kama ilivyo kwenye misiba ya walimu, watu wakaanza kuhadithiana fimbo. Deo, niliyesoma naye darasa moja na ambaye siku hizi ni mtu mkubwa halmashauri, alisimama na sahani mkononi akaonyesha jinsi Mwalimu alivyokuwa akikunja mkono wa shati kabla ya kuchapa, mkunjo wa kwanza, wa pili, wa tatu, na watu wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na wali. Deo akasema yule mzee ndiye aliyetutengeneza, na vichwa vyote vikaitikia. Mimi sikucheka. Nina ulimi mbaya, najijua, na ningeufungua pale ningeharibu msiba wa watu, kwa hiyo nikainamia maharage yangu. Lakini hapa naandika, nasema ninavyoona: hakuna aliyetutengeneza. Tulichapwa, basi, na akili zetu tulitoka nazo kwetu. Mjane wake, Mama Kulwa, alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango, miguu kainyoosha, haangalii mtu. Ndipo Deo akanigeukia akasema sasa tumsikie Kabula, maana ndiye aliyekuwa kipenzi cha Mwalimu, alikuwa anaingia mpaka jikoni kwake. "Jikaze kisabuni, dada yangu," akaniambia, "useme neno." Sidhani kama alijua anachosema. Nikashika ukingo wa meza nikainuka, na kabla sijaeleza nilichosema inabidi nieleze mwaka ule.

Tulikuwa kidato cha tatu, Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati kila kitu kilikuwa ruksa. Vitu ambavyo utotoni tulivipangia foleni sasa vilikuwa vimejaa madukani vimevaa karatasi zinazong'aa, mitumba imemwagwa chini kila kona, na ufukweni viwanda vya sangara vilikuwa vinaota kimoja baada ya kingine. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukabaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa, tukiyakaanga na kuyaita samaki. Mishahara ya walimu ilikuwa inakuja inapojisikia. Mwalimu mmoja aliuza maandazi dirishani kwake, mwingine alikodisha baiskeli, na wanafunzi walijua nani ana mradi gani. Mwalimu Mahalu alipika sabuni. Darasani hakuitaja kabisa. Darasani alikuwa na sheria moja tu, na kila aliyepita mikononi mwake ataikumbuka mpaka anaingia kaburini. Aliandika ubaoni mlinganyo ambao haujasawazishwa, akakuita, akakupa chaki. Ukimaliza, alikuja na fimbo yake ya mpera akahesabu atomu za kushoto akigonga ubao kwa ncha, kisha za kulia, na tofauti ndiyo iliyokuwa idadi ya fimbo zako. Atomu moja, fimbo moja. Wavulana walilala kwenye dawati, wasichana tulitoa viganja. Alikuwa haongei sana. Alisema "Mikono," nawe ulinyoosha yote miwili mbele, viganja juu, vidole vimekaza, dole gumba limevutwa nyuma ili lisivunjike. Hilo la dole gumba alitufundisha mwenyewe, nasi tuliliona kuwa ni huruma.

Hesabu za kiasi ndizo zilizokuwa balaa zaidi. Ukiandika jibu bila kipimo, hata kama namba ni sahihi, fimbo tano. Ukiandika tatu alikuuliza, "Tatu nini? Tatu ng'ombe?" na darasa zima lilikaa kimya maana aliyecheka alimfuata aliyekosea. Kitu hakipotei, ndivyo alivyokuwa akituambia, kilichoingia kushoto ndicho kitakachotoka kulia, na mtu asiyejua hilo atadanganywa maisha yake yote. Siku moja alimchapa Deo fimbo ishirini na mbili kwa mlinganyo mmoja wa sukari na hewa. Suruali ya kaki iligandana na ngozi, na mchana tulimpeleka nyuma ya bweni tukaichambua taratibu kwa maji ya vuguvugu, yeye kauma mkanda wake. Alilia machozi mpaka mkanda ukalowa. Huyo ndiye Deo aliyekuwa anakunja shati na kucheka pale turubaini, na nilimwangalia nikajiuliza kama kweli amesahau au anacheka ili asikumbuke.

Mimi nilikuwa naiweza kemia kuliko wote, na zawadi ya kuiweza ilikuwa kwenda nyumbani kwake Mabatini kila Jumamosi kusaidia sabuni. Hakuna aliyeshangaa. Wanafunzi tulichota maji ya walimu, tulipalilia mashamba yao, na mimi kupimishwa kostiki, ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, nililihesabu cheo. Nyumba ilikuwa vyumba viwili juu ya mawe, na uani kulikuwa na pipa lililokatwa nusu, mwiko mrefu wa mbao, na harufu ya mafuta ya pamba iliyoingia mpaka kwenye unga. Pale nilifundishwa kwa upole ambao darasani haukuwepo. Alinichorea kwa kijiti ardhini: molekuli moja ya mafuta inataka tatu za kostiki, si pungufu wala si zaidi. Zikipungua, sabuni inabaki na mafuta yake na itanuka. Zikizidi, ile kostiki iliyokosa mafuta inakaa humo humo ndani ya mche wa sabuni, na mtu akiloweka mikono, itakula mikono. Kwa debe la lita ishirini tulipata kilo mbili na nusu. Mizani ilikuwa ya shule na haitoki maabara, kwa hiyo alichukua kopo moja pana na fupi, akalipeleka kulipima, na tukajua kuwa kopo likijaa na kukwanguliwa sawasawa kwa rula linabeba theluthi moja kamili ya kiasi chetu. Makopo matatu. Rula ya mbao ilining'inizwa msumarini pembeni ya gunia, na kila mara, kabla hajamimina, alipitisha rula juu ya mdomo wa kopo polepole kama anayenyoa mtoto.

Hapo lazima nieleze jambo moja kwa wasiokulia kwetu. Kwetu kopo halikwanguliwi. Ukinunua dagaa, maharage, karanga, mama anatikisa kopo, anashindilia kwa kiganja, kisha anamimina mpaka juu kunafanyika kichuguu kinachoporomoka pembeni, na hapo ndipo unalipa. Anayekukwangulia kopo amekuibia, na atatangazwa sokoni kote. Mama Kulwa mwenyewe, siku ya kwanza aliponiona na ile rula, aliniuliza kama kule shuleni tunafundishwa uchoyo. Mumewe akamweleza, naye akasema haya, lakini aliondoka akitikisa kichwa. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na mkono mpana. Saa saba alitupa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga, au ugali na mapanki, tukala kwenye chumba cha mbele, mimi na wale pacha wake wawili sakafuni, Mwalimu kwenye kiti. Kupitia pazia nilisikia mengi. Nilimsikia Mama Kulwa akimwambia mumewe kwamba wenzake wanavusha mitumba, yeye na digrii yake anakoroga mafuta. Nilimsikia Mwalimu akijibu kwa sauti ya chini kwamba sabuni yake haina mpinzani Mabatini yote kwa sababu imepimwa. Alisema imepimwa kama mtu mwingine angesema imebarikiwa. Na ilikuwa kweli. Akina mama waliiacha ya madukani yenye picha za maua wakanunua yake.

Sasa ile Ijumaa. Aliniita ubaoni kusawazisha gesi ya kupikia ikiungua hewani. Kaboni nilizipanga, nne kwa nne. Hidrojeni nikazipanga, kumi kwa kumi. Zikabaki oksijeni: kulia kumi na tatu, kushoto mbili. Nilijua dawa yake. Kumi na tatu haigawanyiki kwa mbili, kwa hiyo unarudi mwanzo unazidisha kila kitu mara mbili, na nilikuwa nimeshafanya hivyo mara ishirini kwenye daftari. Lakini nilisikia hatua zake nyuma yangu, mkono ukaganda, nikaiangalia ile chaki kama sijawahi kuiona. Akagonga ubao. Mbili. Kumi na tatu. Tofauti kumi na moja. Nilidhani atanisamehe, niseme ukweli, nilidhani mtu aliyekula naye michembe Jumamosi hatamfanyia hivyo Ijumaa. Akakunja mkono wa shati. "Mikono." Fimbo ya nne ngozi ilipasuka chini ya dole gumba la kulia, ya saba nikaanza kuishusha mikono bila kutaka, naye akangoja niipandishe. Alimaliza zote. Kisha, jasho likimtoka, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba kuna kikao cha walimu mchana, mafuta yameshaletwa nyumbani na hayawezi kungoja, kwa hiyo niende nikaanze sabuni peke yangu. Akaandika kwenye kipande cha karatasi: kostiki, makopo 3. Hakuandika yaliyokwanguliwa. Yeye, ambaye angenichapa tano kwa karatasi kama hiyo.

Nilikuta nyumba haina mtu. Mama Kulwa alikuwa sokoni, watoto shuleni. Nilivaa mifuko ya plastiki mikononi, na hata kuivaa kulinitoa machozi, maana viganja vilikuwa vimevimba, vidole havikunji. Nililishika kopo kwa mikono miwili nikilibana kwa vifundo vya mikono, nikalisukuma ndani ya gunia, nikalitoa limejaa na kichuguu juu. Likatikisika kwa mtetemeko wangu mwenyewe, kostiki ikajishindilia, nikaongeza. Rula ilikuwa pale msumarini. Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba nisingeweza kuishika, na kwa mikono ile mtu yeyote angeniamini. Ningeweza. Ningeishika kwa meno kama ningetaka. Niliiangalia, nikamimina kopo la kwanza na kichuguu chake, la pili na kichuguu chake, na la tatu nilipolimimina nilisema kwa sauti, peke yangu uani, na aungue. Nilimaanisha yeye. Akina mama wa Mabatini sikuwafikiria kabisa, na mtoto yeyote sikumfikiria. Nilikoroga kwa mwiko nikiukumbatia kwapani mpaka uji ukawa mzito, nikaumimina kwenye visanduku vya mbao, nikaenda zangu. Nimepiga hesabu baadaye, mara nyingi: vile vichuguu vitatu na ule mshindilio vilikuwa karibu kopo zima la ziada. Kesho yake Mwalimu aliniuliza kama yalikuwa makopo matatu. Nikamwambia, "Matatu, Mwalimu." Hakuuliza matatu ya namna gani.

Kwa kawaida sabuni ilikaa chini ya kitanda wiki mbili kabla ya kuuzwa. Mwezi ule mshahara ulikuwa haujaja na wateja walikuwa wanagonga mlango, kwa hiyo Jumatatu Mama Kulwa aliikata akaipeleka sokoni. Jumanne akina mama wawili walikuja kulalamika mikono inawasha, naye akawaambia labda ni maji. Jumatano saa tisa alasiri nilikuwa napanda njia ya Mabatini kupeleka madaftari ya darasa kwa Mwalimu nikasikia kelele, na kelele zile mtu wa Mwanza anazijua, ni za watu waliomzingira mwizi. Katikati ya njia alikuwa amesimama mwanamke mmoja kampakata mtoto wa miezi michache, kamfunua kanga watu wamwone. Shingoni na mapajani ngozi ilikuwa imetoka, kumebaki pekundu, na mtoto alikuwa halii tena, anakoroma tu. Mbele yake alikuwa Mwalimu, shati la kazini bado limechomekwa. Alikuwa anajaribu kueleza. Nilimsikia akisema kipimo ni sahihi, kipimo ni sahihi, na mwanamke mwingine akamwonyesha viganja vyake vilivyopasuka kama udongo wa kiangazi, akampiga navyo usoni. Hapo ndipo ilipoanza.

Pigo la kwanza, la kipande cha mbao, lilimpata begani. Nilikuwa mita kumi hivi, nimekumbatia madaftari, na nilifanya jambo ambalo sijapata kumwambia hata mume wangu. Nilihesabu. Mbili, tatu, jiwe la nne, la tano, na ndani yangu kulikuwa na kitu kinachofurahi, kinashangilia kila moja. Ilipofika kumi na moja nikasema moyoni, basi, sasa pande zote ziko sawa, waache. Hawakuacha. Vijana ambao hawajawahi hata kununua sabuni walifika mbio wakiuliza mwizi yuko wapi, na kabla ya kujibiwa walikuwa wameshapiga. Mkono wake wa kulia, ule wa chaki na fimbo, niliusikia ukivunjika. Kisha mtu akapiga kelele alishwe sabuni yake mwenyewe, wakaileta miche kutoka kwenye meza ya mkewe, wakamkandamiza magoti kifuani, wakamjaza mdomo. Mama Kulwa alikuwa anavuta watu mashati, wakamtupa kwenye mtaro. Povu lilimtoka Mwalimu jeupe, kisha la pinki. Nilikuwa na sentensi moja mdomoni, nilipima mimi. Maneno mawili. Nilifungua mdomo nikaona mawe waliyoshika, nikaufunga. Aliyemwokoa ni dereva wa lori la mapanki aliyepita akashindwa kuvuka. Alipiga honi, akashuka na spana, akawatukana matusi ambayo siwezi kuyaandika, akamrusha Mwalimu nyuma juu ya vichwa vya samaki na kumpeleka hospitali.

Siku ya pili baada ya hapo, Ijumaa tena, nilimkuta kwenye kitanda cha chuma karibu na dirisha, ziwa linaonekana kipande. Jicho moja limefungwa, mkono kwenye plasta, midomo imepakwa ile dawa ya zambarau mpaka kidevuni. Mama Kulwa alikuwa ameenda kutafuta uji. Nilimwamkia, hakuitikia. Koo lilikuwa limeungua, na daktari alikuwa amemkataza kusema. Alinitazama kwa lile jicho moja, akasema, kwa sauti ambayo ilikuwa hewa tu, "Mikono."

Nikainyoosha. Ndivyo tulivyozoea, sikufikiri hata kidogo: yote miwili mbele, viganja juu, vidole vimekaza, dole gumba nyuma. Makovu yalikuwa bado mabichi, meusi, na lile la chini ya dole gumba lilikuwa linatoa maji. Aliishika kwa mkono wake mzima wa kushoto, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaangalia kimoja, akaangalia cha pili. "Ngapi?" akauliza. Nikamwambia kumi na moja. Hakukumbuka. Mtu aliyezijua atomu zote zile kichwani alikuwa hakumbuki amenipiga ngapi. Akafumba jicho, na baadaye akasema, "Rula?" Nikamwambia sikuweza kuishika. Huo ndio uongo niliomwambia mtu aliyelazwa, na aliuamini, niliona alivyouamini, machozi yalimtoka yakaingia kwenye ile dawa yakawa ya zambarau. Kabla hajaniachia mikono akaingia askari na daftari akauliza nani alipima sabuni ile. Mwalimu alijikaza akasema, "Mimi mwenyewe." Askari akaandika. Nilikuwa nimesimama pale pale, mikono yangu bado iko ndani ya mkono wake, na sikusema kitu.

Mtoto alipona. Mwalimu alifukuzwa kazi, akahamia Usagara kwa ndugu, kisha Buhongwa, akilima na kufyatua matofali kwa mkono usionyooka. Sauti haikurudi. Mama Kulwa hakukanyaga tena soko la Mabatini. Aliuza nyanya pale njia panda, na kila nilipopita na basi niligeuzia uso upande wa pili. Mimi nilifaulu kemia kwa alama ya juu kabisa. Leo kazi yangu ni kupima dawa ya maji ya kunywa, na vijana ninaowafundisha wananicheka kwa sababu nakwangua kijiko mara mbili.

Basi nilisimama chini ya turubai, Deo ananitazama kwa tabasamu, anangojea kichekesho. Nikasema, "Sabuni ile niliipima mimi. Mwalimu hakuwepo nyumbani. Rula ilikuwepo." Nikaeleza yote, kopo, vichuguu, fimbo kumi na moja, askari. Sikulia, na sikuomba samahani, maana niliona samahani ingekuwa ya kujiondolea mzigo mimi. Deo alikaa chini taratibu akaanza kujipapasa nyuma ya paja, nadhani bila kujua. Mama Kulwa akavuta miguu yake, akajifunga kanga upya, akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza siku ile.

"Kila tulipogombana nilimtukana kwa sabuni ile," akasema. "Mpaka Jumanne hii, alipokufa."